Jasho, upepo na saa tisa: kupanda Rocky Mountain kwa siku moja wakati wa theluji

Maegesho ya Bear Lake, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain huko Colorado, yana hila yake asubuhi ya Januari. Jua linawaka. Anga ni buluu tupu. Lami imekwanguliwa theluji, familia zinashuka kwenye magari na vikombe vya kahawa mkononi, na ramani iliyo mwanzoni mwa njia inakuonyesha kwamba Ziwa Emerald halifiki hata kilomita tatu kutoka hapo. Kimo cha kupanda ni mita 200 hivi. Kwa mtu aliyewahi kutoka geti la Marangu, Kilimanjaro, hadi Mandara na kurudi siku hiyohiyo, hiyo si safari, ni kwenda dukani.

Lakini kila majira ya baridi askari wa hifadhi na vikosi vya uokoaji huitwa kwenye njia za namna hii: mtu kateleza kavunjika mguu, mtu kapotea gizani, mtu kaganda hajiwezi. Inakuwaje njia fupi, yenye watu na jua linawaka, iwe na hatari kiasi hicho? Naishi Denver mwaka wa kadhaa sasa, na jibu nililolifikia ni kwamba tunaogopa kitu kisicho chenyewe. Tunaogopa baridi. Baridi kavu ya digrii 8 chini ya sifuri, mtu aliyevaa sawasawa na anayetembea huivumilia kutwa nzima. Kinachomwangusha ni mambo yanayofanya kazi pamoja na baridi, na mengi kati yake hayaonekani ukiwa umesimama maegeshoni.

La kwanza limekwisha kukupata kabla hujafungua mlango wa gari. Bear Lake iko karibu mita 2,880 juu ya usawa wa bahari. Mandara, kituo cha kwanza cha kulala kwenye njia ya Marangu ya Kilimanjaro, iko kama mita 2,720. Yaani ukishuka garini tayari umeipita Mandara, tena bila kutembea hata hatua moja. Asubuhi hiyo uliamka Denver, kwenye mita 1,600 hivi, na safari ya barabarani imekuchukua saa mbili. Kanieneo ya hewa hapo juu ni kama asilimia 70 ya ile ya Dar es Salaam au Mombasa, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu. Kichwa kinaweza kugonga, moyo unakwenda mbio kwa mlima mdogo tu, na kwa kuwa hewa ni kavu mno unapoteza maji kila unapopumua, ilhali baridi inakuondolea kiu. Mtu anaweza kushinda huko hajanywa hata nusu lita na asijitambue.

Waongozaji wa Kilimanjaro humwambia mgeni "pole pole" mpaka analichukua neno hilo hadi kwao. Kule sababu ni hewa. Kwenye theluji kuna sababu ya pili, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko ya kwanza: jasho.

Misuli inayopanda mlima ni jiko. Ukikazana unatoa joto jingi kuliko mwili unavyohitaji, na mwili unajipoza kwa kutoka jasho. Hapo hapana ubaya, ilimradi unaendelea kutembea. Tatizo linaanza unaposimama. Jiko limezimwa, lakini nguo zimelowa, na maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Nguo ya pamba ndiyo mbaya kuliko zote kwa kazi hii, kwa sababu hunywa maji na kuyashikilia, na ikishalowa haikupi joto tena. Ile fulana tunayoipenda kwa joto la Tanga, inayolowa na kukupoza, huku inafanya kazi hiyohiyo kwa ustadi uleule.

Haya nilijifunza kwa mwili wangu. Majira yangu ya kwanza ya baridi nilipanda na shemeji yangu, mume wa dada, ambaye alitangulia kufika Colorado. Ndani nilivaa fulana ya pamba, juu yake sweta la pamba, juu yake jaketi zito la manyoya ya bata, nikafunga mpaka shingoni. Tulipofika Ziwa Nymph, la kwanza baada ya Bear Lake kwenye njia ya Emerald, nilikuwa natiririka jasho na nina furaha kubwa, najisemea kumbe baridi yenyewe ndiyo hii. Tukatoka kwenye misonobari tukaingia uwanda wa Ziwa Dream. Ziwa limeganda, upepo umelifagia theluji yote mpaka barafu inang'aa kama kioo cheusi chenye nyufa nyeupe ndani yake. Nikafungua jaketi, nikavua glavu, nikaanza kupiga picha. Dakika tano, labda saba.

"Shemeji, funga jaketi," akasema.

"Nafunga."

Nilikuwa nafunga kweli. Zipu ile ilikuwa na kile kipini kidogo cha chini kinachotakiwa kuingia kwenye kitundu chake, na mimi nilikuwa nakiangalia kwa makini, nakielekeza kitunduni, na vidole vinakipeleka pembeni. Nikajaribu tena. Nikajaribu mara ya nne. Sikuona kwamba kuna shida, niliona tu kwamba zipu ni mbovu. Shemeji akanitazama usoni, hakusema kitu, akaniburuta nyuma ya jabali, akanivua vyote vya juu mpaka ngozi, akanivalisha nguo yake ya akiba iliyokuwa kavu ndani ya mfuko wa nailoni, akafunga zipu yeye mwenyewe kama unavyomfungia mtoto wa chekechea. Kisha akanipa tende na chai ya tangawizi yenye sukari nyingi. Nilianza kutetemeka baada ya hapo, kwa nguvu, na akasema afadhali.

Alisema afadhali kwa sababu kutetemeka ni mwili unapigana. Joto la ndani la mwili likishuka chini ya digrii 35, hali ambayo madaktari huiita haipothemia, dalili za mwanzo hazifanani na ugonjwa. Zinafanana na ukaidi. Mtu anajikwaa, anaangusha vitu, maneno yanakuwa mazito mdomoni, anakasirika ukimwambia mrudi. Vidole na akili vinapoa pamoja, kwa hiyo mwenye tatizo ndiye wa mwisho kulijua. Joto likizidi kushuka kutetemeka kunakoma, na hapo asiyejua hudhani mgonjwa amepata nafuu, kumbe mwili umeishiwa. Wapo hata wanaoanza kuvua nguo, wakiamini wanaungua. Ndiyo maana kwenye theluji nampima mwenzangu kwa zipu: kila tukisimama namwomba afungue na kufunga kitu. Akishindwa, safari ya kupanda imekwisha, tunamkausha, tunamlisha, tunageuka. Pombe haisaidii hata tone. Inafungua mishipa ya damu ya ngozi, unasikia joto usoni huku joto la ndani linakimbia.

Kanuni ya mavazi inayotoka hapo ni ya kushangaza kwa mtu wa pwani: anza safari ukisikia baridi kidogo. Ukiwa na raha maegeshoni, umevaa mno. Nguo ya kugusa ngozi iwe ya sufu laini au poliesta, juu yake flisi, juu yake koti jepesi la kuzuia upepo, na jaketi zito likae begini likisubiri utakaposimama. Unavua kabla ya jasho, unavaa kabla ya baridi, na ndiyo, utasimama mara nyingi. Si lazima ziwe nguo za bei mbaya. Flisi nyingi zinazotundikwa mitumba kule Gikomba na Karume zilitoka nchi hizi hizi. Soma kitambulisho cha ndani ya shingo, ukikuta ni pamba iache.

Upepo nao una hesabu yake. Ngozi hujizungushia tabaka jembamba la hewa iliyopata joto, na upepo hulipeperusha kabla halijakufaa. Kipimajoto kikisoma digrii 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 10 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kana kwamba ni 15 chini. Upepo ukifika kilomita 50, inakuwa kana kwamba ni 22 chini. Na safu hii ya milima ni mahali pa upepo hasa: hewa ya magharibi inavuka mgongo wa bara, ule unaogawa maji yaendayo Pasifiki na yaendayo Atlantiki, kisha inaporomoka upande wa mashariki kama maji yanayomwagika bwawani. Vileleni kasi yake hupita kilomita 160 kwa saa. Ndani ya msitu hutausikia sana. Miti hukoma karibu na mita 3,400 au 3,500, na anayekwenda Emerald, kwenye mita 3,080, hafiki huko, lakini kila ziwa ni uwanja usio na mti, na unaingia pale ukiwa na jasho la kilima ulichotoka kukipanda.

Hapo vidole, masikio na pua viko hatarini. Vitabu husema ngozi inayoganda hugeuka nyeupe. Kwa ngozi zetu nyeusi weupe huo hauko wazi; hugeuka kijivu, kama ngozi isiyopakwa mafuta, na kuwa ngumu kama nta. Usisubiri kuona. Kidole kilichokuwa kinauma kikiacha ghafla kuuma, kiingize kwapani mara moja, na kamwe usikisugue kwa theluji. Macho nayo yalinde. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi mikali ya jua, ikupate tena kutokea chini. Bila miwani ya giza, usiku wa siku hiyo macho yatakuwasha kama yametiwa mchanga.

Saa ya Kiswahili huku haifanyi kazi

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni wakati, na nadhani linatuhusu sisi kuliko wengine. Saa yetu tunaihesabu kwa jua. Saa moja asubuhi maana yake jua limetoka na saa moja imepita, saa kumi na mbili jioni jua linazama, na ukiwa Nairobi au Moshi mambo ni hayo Januari hadi Desemba, tofauti ni kama nusu saa tu. Tumekua tukilibeba hilo mwilini. Mtu akituambia saa tisa alasiri, bila kufikiri tunajua kuna saa tatu za mwanga.

Colorado mwishoni mwa Desemba jua linachomoza saa moja na dakika 17 na kuzama saa kumi na dakika 38. Mchana mzima ni saa tisa na theluthi moja. Na hiyo ni kwa tambarare ya Denver. Njia ya Emerald inaingia kwenye bonde lenye Hallett Peak kusini yake, mlima wa mita 3,875, na jua la majira ya baridi linapita chini upande huohuo. Kwa hiyo linajificha nyuma ya mwamba mapema alasiri, mbingu bado ni buluu kabisa, na wewe umo kivulini. Dakika kivuli kinapokupita unaisikia usoni kama mlango wa friji umefunguliwa. Theluji iliyokuwa imelainika kidogo juani inaganda kuwa barafu ngumu, na ni juu ya barafu hiyo ndipo utashukia, miguu ikiwa imechoka.

Isitoshe, kilomita tatu za theluji si kilomita tatu. Watu wakishaikanyaga njia inakuwa ngumu na ya kuteleza, na hapo zinafaa njumu za barafu, vile vyuma vyenye meno unavyovivuta juu ya kiatu kwa mpira. Bila hivyo utaona wanaume wazima wakishuka kwa makalio. Nje ya njia theluji ni laini na unazama hadi pajani, unachomoa mguu, unazama tena. Hapo zinatakiwa zile nyavu pana za miguuni zinazotawanya uzito, na hata ukiwa nazo mwendo ni nusu ya ule wa kiangazi. Kwa hiyo saa ya kugeuka hupangwa nyumbani, mezani, watu wakiwa na joto na akili timamu. Sisi yetu ni saa saba na nusu mchana, popote tulipo. Mara mbili tumegeukia Ziwa Dream, Emerald ikiwa imebaki mwendo mfupi tu. Inauma, sitakuficha.

Nyayo za mwingine

Sasa lile lililo zito kuliko yote. Katika kiangazi njia inajitambulisha: ina vibao, madaraja, mawe yaliyopangwa. Theluji ikishafika mita moja na zaidi, vyote vimezikwa. Unafuata nyayo. Na nyayo hazisemi aliyezikanyaga alikuwa anakwenda wapi. Huenda alikuwa mteleza theluji aliyekusudia kabisa kwenda kwenye genge kali, mwenye mafunzo na vifaa. Hata njia ya Ziwa Loch, inayopendwa sana, majira ya baridi watu huipitisha kwingine kuliko ya kiangazi. Kwa hiyo ramani iwe simuni, imepakuliwa kabla, na simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, maana baridi inaua betri kabla ya saa sita.

Hatari ya kufuata nyayo ni kwamba zinaweza kukupitisha chini ya mteremko unaosubiri kuporomoka. Theluji ya Colorado ina ubovu wake wa asili. Mwanzo wa msimu inaanguka kidogo, na baridi ni kali. Chini, ardhi bado ina joto lake. Juu, hewa imeganda. Mvuke unapanda kutoka chini ukipita ndani ya theluji hiyo nyembamba, na unaigeuza kuwa punje kubwa zisizoshikana, kavu, zinazochuruzika mkononi kama sukari. Kisha Januari na Februari dhoruba zinaleta theluji nzito juu yake, upepo unaishindilia kuwa bamba. Mwaga sukari juu ya meza, weka sinia juu ya sukari, kisha inamisha meza. Sinia litatulia, litatulia, halafu litaondoka lote kwa mkupuo.

Hivyo ndivyo maporomoko mengi ya theluji yanavyoua, na katika ajali nyingi sana anayekifyatua kitu ni mwathirika mwenyewe au mwenzake. Mteremko hatari ni ule wa digrii 30 hadi 45. Ngazi za kawaida za nyumba zina mwinamo wa digrii thelathini na kitu, kwa hiyo ukiona kilima kisicho na miti kinachofanana na ngazi au kinazidi, huo ndio wenyewe. Na si lazima uwe juu yake. Ukitembea chini yake, tabaka la sukari linaweza kuvunjika chini ya miguu yako, mpasuko ukasafiri kwenda juu, bamba likakujia. Wakati mwingine linakuonya: unakanyaga na unasikia "vuump", mguno wa chini kwa chini, theluji inashuka kidogo pamoja nawe. Ukiusikia mguno huo, rudi kwa nyayo ulizojia.

Aliyefukiwa hana muda. Akitolewa ndani ya dakika kumi hivi, wengi huishi. Baada ya hapo nafasi inaporomoka haraka, na hakuna kikosi cha uokoaji kinachofika Ziwa Emerald kwa dakika kumi. Wa kukuokoa ni mliyekwenda naye, akiwa na kifaa cha redio cha kutafutia, ufito wa kuchokonolea na sepetu, na akijua kuvitumia. Sisi hatuna vifaa hivyo wala mafunzo, kwa hiyo uamuzi wetu ni mmoja: hatupiti juu wala chini ya miteremko ya namna hiyo. Kila asubuhi tunasoma taarifa ya Colorado Avalanche Information Center, taasisi ya jimbo inayotoa utabiri wa hatari kwa ngazi tano. Siku za ngazi ya tano karibu kila mtu anabaki nyumbani. Ngazi ya tatu ndiyo inayochukua roho nyingi, kwa sababu tatu inasikika kama ya katikati, anga limefunguka baada ya dhoruba, na theluji mpya inapendeza. Mimi siku ya ngazi ya tatu nazunguka Bear Lake yenyewe, kilomita moja tu, au naishia Nymph. Mwisho kabisa wa njia, Ziwa Emerald limekaa chini ya kuta za milima ya Hallett na Flattop. Ukifika, tazama juu kwanza kabla ya kutafuta pa kukaa. Wala usiiamini barafu ya ziwa: pale kijito kinapoingia na kinapotoka huwa nyembamba hata Februari.

Mambo madogo nayapitia haraka. Chupa ya maji ipakie kichwa chini, kwa kuwa barafu huanza kujengeka juu, na ukiigeuza mdomo utakuwa wazi. Chai ichemshe nyumbani. Kwa kimo cha Bear Lake maji huchemka kwenye digrii 90 tu. Taa ya kichwani beba hata kama unarudi adhuhuri. Barabara ya Trail Ridge, inayopanda hadi mita 3,713, hufungwa kuanzia Oktoba hadi karibu mwisho wa Mei, ndiyo sababu watu wote wanabanana Bear Lake. Fika kabla ya saa mbili na nusu au ukose pa kuegesha na uanze safari umechelewa.

Na kabla ya kuondoka mwachie mtu ujumbe, kwa sababu huko juu simu haishiki mtandao wa kutegemewa. Sisi tunamwandikia dada: tunaanzia Bear Lake, hatuendi mbele ya Emerald, gari ni hili, tunageuka saa saba na nusu, saa kumi na moja jioni hujatusikia piga simu hifadhini. Tunaandika jina la njia kwa herufi kubwa ili asilazimike kulikumbuka akiwa na hofu. Mara ya mwisho tulikaa kwenye foleni ya magari, tukafika mji wa Estes Park, mtandao unaporudi, saa kumi na moja kasoro dakika tatu. Shemeji akapiga. Dada alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.